Ulikuwa Umesimama Wapi?

Fomu ya kuripoti kimondo iliandikwa na watu ambao hawajawahi kulala Mitwaba hata usiku mmoja. Swali la kwanza: ulikuwa umesimama wapi? La pili: ilikuwa saa ngapi? La tatu: kuna mtu aliyekuwa pamoja nawe? Huko yalikotungwa, haya ni maswali ya sayansi. Huku kwetu ni maswali ya polisi, na tena afadhali ya polisi, maana polisi ukimpa kitu kidogo anaacha kuuliza. Mke haachi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mtazamaji wa nyota. Kazi ya kwanza hailipi vizuri, ya pili hailipi kabisa. Nina kiti, blanketi, chupa ya chai, na darubini ya mkononi ambayo jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwenye barabara ya Likasi, pale ambapo lori hulala matopeni na abiria hulala juu ya lori. Hapa Mitwaba kutazama juu ni dalili ya ugonjwa. Wenzangu wote wanatazama chini: huyu anatafuta kasiterite, yule koltani, mwingine dhahabu, na asiyetafuta kitu anaangalia asitumbukie kwenye shimo la aliyetafuta. Wanaoangalia mbinguni ni mimi na kuku mwenye vifaranga, na kuku ana sababu, anamwogopa mwewe.

Basi usiku wenyewe ulikuwa wa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, na baridi ya milima ya Kibara inapenya mpaka kwenye meno. Mwezi haukuwepo. Taa za barabarani hatuna, kwa hiyo giza letu ni safi. Matajiri wa Ulaya wanapanda ndege kwenda kulitafuta giza la namna hii, sisi tunaliita umaskini. Kundinyota la Nge lilikuwa limeshaanza kuegemea magharibi. Nimegeuka kuchukua chupa ya chai, nikaona kivuli changu ukutani.

Hebu fikiri. Usiku wa manane, hakuna mwezi, hakuna taa, na una kivuli. Si hivyo tu, kivuli kinatembea na wewe umesimama. Cha kwangu kilikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kivuli cha mwembe kikakifuata, kisha cha kamba ya nguo pamoja na suruali zangu mbili. Nikainua macho. Kilikuwa kijani, kijani cha malakiti ile wanayowauzia wageni kule Lubumbashi, kimetokea kusini-magharibi karibu na mkia wa Nge, kinakwenda kaskazini bila haraka. Kikageuka njano, kikapasuka vipande vitatu au vinne, kila kipande na mkia wake mwekundu, kikazimika upande wa Manono. Sekunde nne, labda tano. Mwezi mpevu haung'ari vile.

Vimondo vya kawaida mtu mvumilivu huviona kila usiku. Ni punje ndogo tu, inaingia hewani kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, inawaka ikiwa kilomita mia hivi juu ya vichwa vyetu, na imekwisha. Lakini kimondo kikimzidi Zuhura kwa mng'ao kinapanda cheo, na kikipasuka namna hii wataalamu wanakiita bolidi. Bolidi ina adabu zake. Mwanga unafika kwanza. Sauti, ikiwa ipo, inakuja nyuma kwa miguu, kilomita 20 kwa dakika. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu akiona mwanga anaanza kuhesabu. Nikaanza.

Nimevuka dakika ya pili, jirani yangu mwenye duka akaruka ua na kuingia lupangoni kwangu. «Mwalimu! Mwalimu! Njo nini hii?» Midomo yangu ilikuwa inahesabu, nikamwashiria kwa mkono kwamba anyamaze. Akadhani nimesikia watu wenye bunduki. Akalala chini, kifudifudi, mikono kichwani. Msicheke. Sisi ndio Mitwaba ya ile pembetatu ya kifo, ya Manono, Mitwaba na Pweto; mtu wa hapa hulala kwanza, sababu ataiuliza akiwa chini. Ila alilala juu ya chupa yangu ya chai. Katika kuiokoa chupa ndipo ngurumo ikafika, ndefu, kavu, bila wingu, mabati yakatetema, na hesabu yangu ilikuwa imeshavurugwa mahali fulani kati ya dakika ya tatu na ya nne. Ndiyo kusema kilipasukia kilomita 60 kutoka hapa, au 80. Tofauti hiyo ya kilomita 20 ni mali ya jirani yangu, na chai hajalipa.

Mnajua Warusi walivyofanya? Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la upana wa mita 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk asubuhi. Watu wakaona mwanga, wakakimbilia madirishani kushangaa, na dakika mbili na kitu baadaye mshindo ukavunja vioo usoni mwao. Watu karibu 1,500 walitafuta matibabu. Mimi dirisha langu ni la mbao, hilo tumeshinda. Lakini Warusi walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: wengi wao wanaendesha magari yenye kamera ndogo mbele. Picha zile ndizo zilizowawezesha wataalamu kuchora njia ya jiwe mpaka kwenye ukanda wa asteroidi lilikotoka. Gari halioni aibu. Ukiliuliza lilikuwa wapi saa tatu na dakika ishirini, linasema.

Asubuhi nikachukua daftari, kalamu na fomu, nikaanza kuzunguka.

Njia yenyewe ni rahisi, hata mwanafunzi wa mwaka wa nne anaiweza. Unamrudisha shahidi pale pale alipokuwa amesimama. Anyooshe mkono pale kimondo kilipotokea, kisha pale kilipozimikia. Urefu kutoka upeo wa macho unaupima kwa ngumi: ukinyoosha mkono sawasawa, ngumi moja ni nyuzi 10 hivi. Ukipata watu wa kutosha, hasa wa miji mbalimbali, unachora mistari yao kwenye ramani, na inapokatana ndipo jambo lilipotokea. Lakini kila kitu kinasimama juu ya lile neno la kwanza, pale pale alipokuwa amesimama.

Nikaanza na mama anayeuza bitumbura njiapanda ya soko, maana yeye huamka usiku kukanda unga na nilijua atakuwa ameona. Ameona kweli. Alisimama mlangoni pa jiko lake, akanyoosha mkono wenye unga, ngumi tatu, safi kabisa. Mumewe akatoka ndani akifunga vifungo. Yeye naye ameona, tena vizuri kuliko mkewe, kwa sababu usiku ule hakuwa nyumbani, alikuwa amekwenda kumlinda kaka yake mgonjwa. «Mwalimu, kilipita kushoto kwa mnara wa simu, chini kidogo, halafu kikaingia nyuma ya ule mkaratusi mkubwa.» Nikaandika. Halafu nikainua kalamu, maana kwa kaka yake mnara hauonekani, kilima kiko katikati. Mnara na mkaratusi ule, kimoja kushoto na kingine kulia, vinaonekana pamoja kutoka mahali pamoja tu hapa Mitwaba, nao ni uwanja wa nyuma wa mama mmoja anayepika pombe ya lutuku. Sikusema neno. Mama wa bitumbura naye hakusema neno. Amezaliwa hapa, jiografia ya mji huu anaijua kuliko mimi. Alijifuta unga polepole kwenye kitenge. «Mwalimu,» akasema, «andika. Andika tu.»

Kuanzia hapo kazi iliharibika. Habari ilinitangulia kila lango. Wanaume ambao alfajiri walikuwa wanasimulia rangi zote, mpaka ambazo hazikuwepo, saa nne walikuwa wamelala fofofo usiku kucha, hawajaona kitu, hawajasikia kitu, na wanashangaa watu wanazungumzia nini. Mlinzi wa depo moja aliniapia kwamba aliona kila kitu kwa macho yake. Nikamuuliza: kwa hiyo ulikuwa langoni? Akakumbuka kwamba depo ile ilivunjwa usiku ule ule. Hakuona kitu. Mwenye depo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Hata saa yenyewe ilinipasua kichwa. Wazee wanahesabu saa ya Kiswahili, vijana wanahesabu ya Kifaransa, kwa hiyo saa saba ya huyu ni saa moja ya yule, na katikati yupo mtu aliyeniambia kimondo kilipita saa tatu. Tatu ya nani? Akaniuliza mkewe amejibu nini.

Mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa tayari kusema alikuwa amesimama wapi, bila haya, na mashahidi juu. Shida ni kwamba alikuwa amesimama hapo mwaka 1978. Kwa mzee huyu kila kinachong'aa angani ni roketi ya Wajerumani. Siwezi kumlaumu. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya OTRAG, iliyoanzishwa na Lutz Kayser, ilirusha roketi kweli kutoka juu ya bonde la mto Luvua, huko kaskazini-mashariki yetu, kwenye eneo ambalo Mobutu aliwakodisha, kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977. Ya pili ilipaa. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilipaa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe aliyekuja kutazama, ikayumba, ikageuka, ikaanguka bondeni. Mwaka uliofuata Wajerumani walifungashwa mizigo. Mzee anasimulia yumbo lile kwa mwili mzima, anainuka kitini, anapinda kiuno, anaanguka, mnamwinua. Ni simulizi tamu. Nimejaza fomu yake yote, mwelekeo, nyuzi, rangi, muda. Haina kasoro hata moja isipokuwa miaka.

Nikapanda kilimani penye mtandao nikapiga simu kwa wanaonijua. Jamaa yangu wa Manono, kaskazini: «Kaka, kilianguka upande wenu, Mitwaba.» Hapa wote wanasema kilianguka upande wa Manono. Shemeji yangu wa Likasi, kusini, anasema kilianguka nyuma ya mlima ule anaouona kutoka kibarazani. Hivyo ndivyo ilivyo, kitu kilicho makumi ya kilomita juu kila mtu hukiona kimetua nyuma ya kilima chake. Mwanzoni ilikuwa rahisi, kila mji unamsukumia mwenzake balaa. Kisha mtu akaleta habari kwamba mawe ya mbinguni yananunuliwa kwa dola, kwa gramu. Mchana ule ule yule wa Manono alinipigia tena, kwa yunite zake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. «Kaka, nimekumbuka vizuri. Kilianguka huku kwetu.»

Wachimbaji ndio walionimaliza. Jioni walijipanga langoni na magunia. Mtu wa hapa akisikia jiwe limeanguka haulizi limetoka wapi, anauliza kontwari gani inanunua. Nikatoa sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikakaa kwenye kigoda, nikapokea. Jiwe la kwanza, mavi ya chuma ya mhunzi, limejaa matundu. Kimondo hakina matundu ya povu namna ile. La pili, la tatu, mavi ya chuma. La nne lilikuwa kipande cha breki ya lori. La tano lilikuwa zito, jeusi, limeshika sumaku, moyo ukanidunda. Nikalisugua kwenye kigae, likaacha mstari mwekundu, basi ni hematiti, milima yote hii imejaa. Kimondo kipya kina ngozi nyembamba nyeusi kwa nje, ngozi iliyoyeyuka njiani, na ukikivunja ndani mara nyingi ni kijivu. Nikawaeleza. Mmoja akasema: «Mwalimu anatuficha bei.» Wengine wakaitikia. Tangu siku hiyo wananipita njiani bila salamu, na gunia moja limeachwa langoni kwangu, kilo hamsini za mavi ya chuma, wanasema ni amana.

Akaja pia bwana mmoja akiwa amevaa suti, kulalamika kwamba kimondo kimemchomea shamba la mihogo. Kila mwaka mwezi wa saba hapa nyasi zinachomwa, watu wanawinda panya wa porini, moto unapotea njia. Nilimweleza kwamba mwanga wa kimondo kwa kawaida huzimika kikiwa bado kilomita 20 hivi juu, kisha vipande vinadondoka gizani dakika kadhaa kwenye hewa ya baridi, vingi vinafika chini vimepoa. Hakiwashi hata sigara. Nyuma yake alisimama kijana wake mkubwa, mikono mfukoni, harufu ya panya wa kuchoma inamtangulia. Kijana alikuwa anatikisa kichwa akiniomba kwa macho ninyamaze. Na yeye alikuwa amesimama mahali.

Inauma, kwa sababu jimbo hili hili lina ushahidi wa kimondo ambao dunia nzima imeukubali. Kwenye uwanda wa Kundelungu, kati yetu na Lubumbashi, kuna Luizi: duara la kilomita 17 ambalo huwezi kulitambua ukiwa umesimama ndani yake, lakini kwenye picha za setilaiti linaonekana wazi, ukingo, bonde, pete ya ndani. Mwaka 2011 Ludovic Ferrière akiwa na François Lubala na Pierre Kaseti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Gordon Osinski wa Kanada, walitangaza kwamba lilichimbwa na jiwe kutoka angani. Ni kreta ya kwanza kuthibitishwa katika Afrika ya Kati. Walikwenda kwa miguu, wakakuta mawe yenye mistari inayotawanyika kutoka nchani, wakakuta chembe za kwatzi zilizopondwa kwa nguvu ambayo hakuna volkano wala tetemeko linaloweza kuitoa. Kazi nzuri, na najua kwa nini iliwaendea vizuri. Jiwe lile lilianguka kabla binadamu hajakuwapo. Hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi. Mawe yalisema kila kitu papo hapo, maana mawe hayajaoa.

Au mtazameni mtoto wa Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani ilinyesha juu ya mji ule, ikatoboa mapaa, na kipande cha gramu tatu na ushei kikapita kwenye majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia. Katika historia yote ya fani hii simjui shahidi aliye bora zaidi. Ulikuwa umesimama wapi? Chini ya mgomba. Una hakika? Gusa hapa.

Mimi nina mashahidi makumi, na aliyegongwa ni mimi peke yangu.

Nikakaa mezani na kibatari, nikachora. Nilitumia nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu, karatasi kubwa, nikaweka mnara, mkaratusi, soko, kilima, halafu nikatia kila shahidi kwa nukta pale ambapo mkono wake ulinionyesha kwamba alikuwa amesimama, si pale alipotamka. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Njia ya kimondo haikutokea. Mistari ilikatana vibaya, ngumi za watu waliokunywa hazina nyuzi 10. Lakini nukta zilikaa vizuri mno. Nukta saba uwanja wa nyuma wa mama wa lutuku. Nne kwa mjane mmoja mwenye nyumba ya matofali. Mbili, za watu wawili ambao mchana hawasalimiani kwa sababu ya kesi ya mpaka wa shamba, zimesimama kitu kama hatua tatu kutoka kwa kila mmoja, ukutani pa depo iliyovunjwa. Na nukta moja, ya mtu anayeongoza maombi ya mkesha, iko mbali sana na mkesha.

Sikumwonyesha mtu. Nilimwonyesha mke wangu tu. Saa hiyo hiyo, kwa njia nisizozielewa, sayansi ilisambaa.

Wanaume walikuja kwanza, wajumbe watatu, na heshima zote, kofia mkononi. Waliulizia afya yangu, wakaulizia watoto, wakasifu elimu kwa ujumla. Halafu wakasema kwamba wameona mwalimu anakesha kwenye baridi bila msaada, na wao kama wazazi wa wanafunzi wamechanga kidogo. Mbuzi dume, mweupe, pembe nzuri. Hawakuitaja karatasi. Walisema tu kwamba karatasi ya mtihani nayo ni karatasi, kibatari nacho ni kibatari, ajali hutokea. Jioni mama wa bitumbura alipita na wenzake wawili, hakuketi hata kidogo. Alimtazama mbuzi pale alipofungwa kwenye mwembe, akamzunguka, akampapasa mgongo akipima nyama.

«Huyu wamemnunua bei gani?» akaniuliza. Nikasema sijui, ni zawadi. «Muzuri,» akasema. «Sisi tutaleta wawili.»